"Nadharia yako ni ipi?" Tulifungue hili swali linalowatoa jasho wanafunzi wa isimu

Desemba ya kwetu Moshi mnaijua. Mabasi yamejaa, watu wa Dar wote wamepanda nyumbani, kila kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, kina mgeni na kila mgeni ana swali. Safari hii mwenye swali zito alikuwa mpwa wangu, binti wa kaka yangu, yuko mwaka wa kwanza wa shahada ya umahiri, anasoma isimu. Alikuja na laptop na pendekezo lake la utafiti ambalo msimamizi kamrudishia, pembeni kaandikiwa kwa wino mwekundu: nadharia yako ni ipi? Basi jioni tumekaa tunamenya ndizi akaniambia, shangazi, mimi nataka kuandika kuhusu Kichagga cha bibi wa Marangu, sasa hiyo nadharia naitoa wapi, mbona kila mwenzangu anayo ya kwake na ukimuuliza kwanini kaichagua hana jibu. Kabla sijafungua mdomo baba yake mdogo akadakia, kwani Kichagga nacho kina cha kusomea chuo kikuu, si mtu anaongea tu? Na mke wake akauliza, akishamaliza hiyo isimu atakuwa anajua lugha ngapi?

Maswali hayo matatu nayasikia kila mahali, kwenye Hiace, kanisani baada ya ibada, hata kwa wasomi wa fani nyingine. Nilimjibu kipande kipande mpaka usiku, hapa nayaweka pamoja.

Isimu ni taaluma ya kuchunguza lugha inavyofanya kazi: sauti zake, maneno yanavyoundwa, sentensi zinavyopangwa, maana, na watu wanavyoitumia. Mwanaisimu halazimiki kujua lugha nyingi, kama fundi saa asivyolazimika kuvaa saa kumi mkononi, anachotakiwa ni kuifungua moja na kujua ndani kuna nini. Data ndo yale maneno na sentensi zenyewe ulizozikusanya kwa watu. Mbinu ni njia uliyopita kuzipata na kuzichambua, mfano umekaa na mzee mkaongea, au umegawa hojaji, au umesikiliza tu watu wakipatana bei sokoni. Zana ni vile vitu unavyoshika, rekoda, daftari, programu za kompyuta.

Nadharia ndo yenye fujo. Mtaani nadharia maana yake maneno matupu, mtu anakwambia "hiyo ni nadharia tu, tuone vitendo". Kwenye isimu ni kitu kingine kabisa. Nadharia ni madai ya jumla kuhusu lugha inavyofanya kazi, madai yanayokwambia utarajie kukuta nini na, hapa ndo penyewe, nini usitarajie kukikuta. Fundi ujenzi ana timazi, ile kamba yenye kipande cha chuma chini. Timazi haibebi tofali hata moja, lakini akiining'iniza pembeni ya ukuta ndo anaona ukuta umetoka nje nusu inchi, na jicho lake lilikuwa limeshakubali kwamba umenyooka. Lugha ya nyumbani ni hivohivo, umeizoea mpaka huioni, unahitaji kitu cha kuiningʼinizia pembeni.

Tujaribu na Kiswahili, ambacho wewe msomaji unakijua kuliko profesa yeyote wa nje. Sema: nimempikia mama ndizi. Hapo kitenzi kimoja kina yambwa mbili, yaani watu au vitu viwili vinavyoguswa na tendo, mama anayepikiwa na ndizi zinazopikwa. Geuza uanze na mama: mama amepikiwa ndizi. Safi kabisa. Sasa geuza uanze na ndizi: ndizi zimepikiwa mama. Umeona? Ulimi umegoma. Rudi kwenye nimempikia, ile -m- ni ya mama, jaribu kuchomeka na -zi- ya ndizi hapohapo: nimezimpikia. Hakuna anayesema hivyo, Tanga wala Arusha wala Zanzibar. Na hakuna mwalimu aliyewahi kukukataza, hukufundishwa darasa la tatu wala la saba, lakini unajua ni kosa na umejua palepale. Hilo ndo jibu la baba mdogo. Mtu haongei tu, anaongea kwa kanuni ambazo hata hajui kwamba anazo, na Kichagga kina zake kama Kiingereza kilivyo na zake.

Sasa panda mlimani. Kivunjo, yaani Kichagga cha Marangu, Kilema, Mamba, Mwika na upande huo, kinaruhusu yale ambayo Kiswahili kimeyakataa. Aliyepikiwa anaweza kuanza sentensi ya kutendwa, ile ya "amepikiwa", chakula nacho kinaweza, na kitenzi kinabeba viambishi, vile vipande kama -m- na -zi-, vya wote wawili kwa pamoja bila kulalamika. Mwaka 1990 Joan Bresnan wa Marekani na Lioba Moshi, Mtanzania ambaye Kivunjo ni lugha yake, walichapisha makala wakilinganisha Kivunjo na Chichewa cha Malawi, ambacho kwenye jambo hili kina msimamo mkali unaofanana na wa Kiswahili. Kuna sentensi yao moja inakumbukwa sana na wanaisimu, ya mume anayemlia mke chakula, na kwa Kivunjo inaweza kuwa anakula kwa faida ya mke au kwa hasara yake. Sentensi ya jikoni kabisa, ya mtu na mke wake, leo wanafunzi wa isimu wanaisoma vyuo vya mbali sana na mlima.

Hapo ndo unaiona kazi ya nadharia. Mtu asiye nayo angeandika Kivunjo kinaruhusu sentensi hizi, akaweka mifano kumi, akafunga daftari, na ingekuwa kazi ya kweli yenye faida, mimi siidharau hata kidogo. Lakini hawa wawili walikuwa na nadharia inayofahamika kwa herufi LFG, ambayo Bresnan mwenyewe na Ronald Kaplan waliianzisha mwishoni mwa miaka ya 1970, inayotenganisha umbo la sentensi na kazi ambazo maneno yanafanya ndani yake. Nadharia ikawabana waseme zaidi ya mifano kumi. Wakadai tabia hizi haziji mojamoja, zinatembea kwa kundi, kwamba lugha ikiruhusu yambwa zote mbili kuanza sentensi ya kutendwa basi tegemea kuikuta inaruhusu na viambishi vya zote mbili, na tabia nyingine za aina hiyo, na kwa msingi huo lugha za Kibantu zikagawanyika mara mbili, zenye ulinganifu, yaani zinazozipa yambwa zote mbili haki sawa, na zisizo nao.

Dai kubwa hilo. Na dai kubwa linapingika. Mwaka uliofuata tu, 1991, Josephat Rugemalira, Mtanzania mwingine ambaye wakati huo alikuwa bado mwanafunzi wa udaktari na baadaye akafundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa makala inayouliza hivi hasa lugha yenye ulinganifu ni ipi. Aliyajua mambo haya kutoka Kinyambo cha Karagwe, na ukiingia ndani ya lugha kama hizo unakuta ule mgawanyo wa huku na kule haukai vizuri. Kijana kabishana na wakubwa, na aliweza kubishana kwasababu wakubwa walikuwa wamesema kitu kilichonyooka, unaweza kukishika na kukipima.

Kwahiyo nikamwambia mpwa wangu, na hili ndo nililokuwa nalo moyoni siku zote: nadharia inayokufaa ni ile ambayo sentensi ya bibi yako inaweza kuikosoa. Kama bibi akisema chochote nadharia yako inaitikia sawa tu, huyo sio mwenzako wa safari, hakusaidii kuona lolote.

Kuna watu wanaamini nadharia zinatoka Ulaya na Marekani zikiwa zimeiva na kazi yetu sisi ni kuzivalisha lugha zetu. Inaniuma kusikia hivyo, maana historia inasema vingine. Chukua toni, ule upandaji na ushukaji wa sauti unaobadili maana ya neno, Kichagga kinao, Kiswahili hakina. Zamani wanaisimu wengi waliihesabu toni kama sehemu ya irabu, kama rangi ilivyo sehemu ya kitambaa. Lugha za Afrika zikagoma kukaa hivyo, irabu inadondoka, toni inabaki, inahamia irabu ya jirani. Ni kama Hiace ya kwenda Arusha ikiharibika Boma Ng'ombe. Gari limekufa lakini abiria wapo palepale barabarani na mizigo yao, konda anawafaulisha kwenye gari lingine, wanabanana na waliokuwemo na safari inaendelea. Abiria na gari ni vitu viwili. Mwaka 1976 John Goldsmith kwenye tasnifu yake ya udaktari kule chuo cha MIT, Marekani, aliziweka toni kwenye ngazi yake yenyewe, irabu kwenye ngazi yake, halafu mistari inaziunganisha, na lugha mojawapo iliyombeba ilikuwa Kiigbo cha Nigeria. Hiyo ndo wanafunzi wetu wanaiita fonolojia vipandesauti huru na kuiogopa kwa jina. Bila lugha za Afrika isingekuwepo kwa sura tunayoijua.

Sasa tuongee ukweli kuhusu vijana wanavyochagua. Wengi hawachagui, wanarithi. Msimamizi alisomea nadharia fulani, basi wanafunzi wake wote watano wanayo hiyohiyo, au mtu kakuta tasnifu ya mwaka juzi maktaba, kabadilisha jina la lugha, mihimili ya nadharia kaiacha ilivyo. Mimi mwenyewe nilifanya kosa la aina hiyo na nilililipia. Nilipokuwa nasoma umahiri niliambiwa Nadharia ya Umbo Upeo ndo inakubalika, ni nadharia nzuri kweli, Alan Prince na Paul Smolensky waliitoa mwaka 1993, inaeleza vizuri sana jinsi kanuni za sauti zinavyogombana na ipi inashinda. Nikaandika mihimili yake sura ya pili, nikaridhika, nikaenda uwandani. Data niliyorudi nayo ilikuwa ya akina mama sokoni wanavyochanganya Kichagga na Kiswahili, anamtajia mteja bei kwa lugha hii halafu anageuka kumnong'oneza jirani yake wa meza kwa lugha ile. Swali langu lilikuwa nani anaongea nini na nani, na kwanini. Kwenye hilo nadharia yangu ilikuwa haina neno la kusema. Sura ya nne nzima nikaiandika bila kuitaja, nikaja kuikumbuka aya ya mwisho, mtahini wa ndani akaona palepale, nikarudia kazi miezi minne na ada ya muhula mwingine juu.

Ni kama mtu kununua koti zito la baridi pale soko la mitumba la Memorial kwasababu ni zuri na bei imekaa vizuri, halafu ndo aanze kuulizia wapi kuna baridi. Koti halina kosa.

Kuna kipimo kimoja rahisi nampa kila anayeniuliza. Chukua kazi yako, futa jina la nadharia na mihimili yake yote huko sura ya pili, halafu soma uchambuzi wako. Kama uchambuzi haujatikisika, umesimama vilevile, basi nadharia ilikuwa pambo la ukutani. Kama umevunjika na haueleweki tena, hapo ndo ilikuwa inafanya kazi.

Ila kurithi sio dhambi, hapo napo wengine wanakosea wakisikia maneno kama haya yangu, wanakimbilia kuchukua nadharia ambayo hakuna mtu chuoni kwao anaijua ili waonekane wa kipekee. Msimamizi anayeijua nadharia atakamata makosa yako mapema, maktaba ina makala zake, wenzako mnaweza kubishana usiku. Kilichopo ni kwamba ukirithi shamba tembea ulijue mipaka yake, ujue wapi linaota na wapi ni mawe. Na wala mpya sio lazima iwe bora. Sarufi ya Kimoshi iliyoandikwa na mmisionari J. Raum ilichapishwa mwaka 1909 kwa Kijerumani, namna ile ya kuchambua imeshapitwa, lakini mifano aliyoikusanya haijaoza, na mtu anayetaka kujua Kichagga cha zaidi ya miaka 100 iliyopita kilisemwaje ataanzia hukohuko. Uchambuzi unazeeka haraka kuliko data. Ndo maana wanaoandika sarufi ya lugha ambayo haijawahi kuandikwa mara nyingi wanatumia istilahi za kawaida kabisa, ili mtu wa miaka 50 ijayo asihitaji kujifunza nadharia iliyokufa ndo awaelewe.

Na hata hilo jina Kichagga, ukiliandika tu kwenye kichwa cha utafiti umeshachukua msimamo bila kujua. Mtu wa Machame na mtu wa Rombo kila mmoja akikazana na cha kwao wanaweza wasielewane, inabidi washukie Kiswahili, wakati huohuo Kimachame kina udugu wa karibu na Kirwa, ile lugha ya Wameru wa huko Arusha ambao wenyewe hawajiiti Wachagga. Derek Nurse alifanya kazi kubwa ya kuzipanga hizi lugha mwaka 1979, akigusa na Kigweno cha milima ya Upare. Kwahiyo kabla ya nadharia mpwa wangu alifuta "Kichagga", akaandika "Kivunjo cha Marangu". Swali likapungua ukubwa nusu nzima.

Twende kwenye mbinu. Hapa kosa linaloonekana sana ni hojaji, yaani kila mtu anagawa hojaji, mpaka mtu anayetafuta kanuni za vitenzi anagawa karatasi 100 zenye "nakubali sana, nakubali, sijui". Wanaamini wingi ndo usayansi. Fikiria mchuzi. Ukitaka kujua chumvi imekolea unakoroga vizuri unaonja kijiko kimoja, huli sufuria nzima. Ila ukitaka kujua wageni wangapi kati ya waliokuja msibani wanapenda chumvi nyingi, kijiko hakikusaidii, inabidi uwaulize wageni, na uulize wa kila meza, sio wa meza ya ndugu zako tu. Maswali ya sarufi mengi ni ya kijiko, wazungumzaji wachache, muda mrefu, kwa kina. Maswali ya nani anatamka nini ni ya wageni.

Mfano mzuri wa hayo ya wageni ni William Labov. Mwaka 1962 alitaka kujua watu wa New York wanaotamka r mwishoni mwa silabi ni wa tabaka gani. Hakugawa hojaji. Aliingia maduka matatu makubwa, moja la matajiri, moja la wa kati, moja la wa kipato cha chini, akawa anauliza wauzaji kuhusu bidhaa ambayo tayari anajua iko ghorofa ya nne, anajibiwa "ghorofa ya nne", na kwa Kiingereza maneno hayo mawili yana r mbili. Anajifanya hajasikia, anajibiwa tena, safari hii mtu anatamka kwa kujikaza. Watu 264. Akakuta r inaongezeka kadri duka linavyopanda hadhi. Sasa hamishia Moshi: tafuta mtumba wa viatu unaouzwa elfu thelathini, uliza bei, sikiliza kama muuzaji anasema thelathini au selasini, jifanye hujasikia, sikiliza tena. Hapo una utafiti, na nauli ya daladala tu. Siku hizi kamati za maadili zitakuuliza kuhusu kusikiliza watu bila ridhaa yao na ni haki kuuliza, kwahiyo hilo unalipanga mapema pamoja na barua ya chuo, ya mkoa, ya wilaya mpaka kwa mtendaji wa kijiji, msururu ambao ukiudharau unaweza kukaa wiki mbili kwenye benchi la ofisi.

Mbinu ya kijiko nayo ina mitego yake. Nilikaa na mama mmoja mzee wa Kilema nikamwomba anigeuzie kwa Kivunjo "nampikia mama ndizi". Akaniangalia. "Kwani mama anaumwa?" Nikasema hapana bibi, ni mfano tu. "Sasa kama haumwi kwanini apikiwe, hapiki mwenyewe?" Nilikuwa na orodha ya sentensi 60 na saa moja ya mwanga. Ikabidi nifunge daftari, tukatunga kisa, mama kaanguka bafuni, mguu umevimba, binti yake katoka Arusha mjini kuja kumtunza, na ndani ya kisa hicho sentensi zangu karibu zote zikatoka, zikiwa na uhai, mpaka nyingine sikuwa nimezifikiria. Tangu siku hiyo siamini jibu la "tunasema" au "hatusemi" mpaka nijue mtu alikuwa anafikiria hali gani. Mara nyingi anayekataa sentensi anakataa ile hali, sentensi yenyewe haina tatizo.

Na usijitegemee mwenyewe eti kwasababu ni lugha yako. Mimi nimekulia Majengo, Moshi mjini, Kivunjo changu kimepakwa Kiswahili kila kona, kuna sentensi ambazo kwangu ziko sawa na bibi anacheka.

Zana ndo watu wanadhani ni pesa nyingi, kumbe zile kuu ni za bure. Praat, programu ya kuchambua sauti, imetengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, jina lenyewe kwa Kiholanzi ni habari ya kuongea. ELAN ya taasisi ya Max Planck kule Nijmegen inakusaidia kuandika maneno chini ya sauti au video, sekunde kwa sekunde. FLEx ya shirika la lugha la SIL inakusanya msamiati na kukusaidia kukatakata maneno kwenye viambishi. Zote unapakua bila kulipa. Ila hakuna hata moja inayofikiri kwa niaba yako. Kipimo cha presha kinampa nesi namba, nesi ndo anajua kama huyu apelekwe kwa daktari au kapanda ngazi mbio. Praat itakuchorea mstari wa toni, mzuri kabisa, na mstari huohuo unaweza kuwa ni jogoo wa jirani.

Kuhusu kurekodi nina mengi lakini niseme moja. Sauti za WhatsApp zinabanwa ili ziwe nyepesi, kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kupona kwa kiasi, lakini tofauti nyembamba za s na sh na ubora wa irabu zinaumia, kwahiyo rekodi kwenye WAV, faili la sauti lisilobanwa. Dakika moja ya WAV ya kawaida, kipaza sauti kimoja, ni kama MB 5, saa nzima ni MB 300 na kitu, flashi ya bei nafuu inabeba masaa kibao. Na ukiwa kihambani kaa mbali na majani ya migomba, upepo wa saa kumi unayapiga yanatoa mlio ambao sikio lako linauzoea lakini rekoda haiuzoei.

Mwisho kuna wale wanafunzi wa isimu wa Arusha, hasa Karatu, ambao ninawaonea wivu mzuri, maana eneo dogo lile lina Kiiraqw ambacho ni Kikushi, Kimaasai ambacho ni Kinailoti, lugha za Kibantu, na Kihadza pembeni ya Ziwa Eyasi ambacho Joseph Greenberg mwaka 1963 alikiweka kundi moja na lugha nyingine zenye sauti za vidoko, na leo wengi wanaona kiko peke yake, hakina ndugu aliyethibitika. Mtu wa huko akichukua ngeli za Kibantu akaenda nazo kwenye Kiiraqw anapotea, kule nomino zina jinsia, ya kiume, ya kike na ya tatu isiyo hizo. Kila lugha inakuambia yenyewe ianzwe kupimwa wapi, ukiipa nafasi.

Turudi kwa mpwa wangu. Usiku ule alifungua ukurasa mpya akaandika swali moja: Kivunjo cha Marangu cha leo, kwa bibi na kwa wajukuu waliokulia kijijini, bado kinaruhusu chakula na aliyepikiwa kuanza sentensi ya kutendwa, au wajukuu wanaenda njia ya Kiswahili? Ukiangalia hilo swali nadharia imejileta yenyewe, kuna dai la mwaka 1990 kwamba tabia hizi zinatembea kwa kundi, basi kama wajukuu wanazipoteza zinatakiwa ziondoke pamoja. Zikiondoka mojamoja, dai lina shida. Mbinu nayo imejileta, visa badala ya sentensi kavu, bibi wachache, wajukuu wachache, kukaa nao sana.

Tarehe 27 akapanda Marangu. Bibi alikubali sentensi mbili, ya tatu akaikataa kabisa, akasema hiyo ni ya watu wa Rombo. Mpwa akaandika imekataliwa, akachora nyota pembeni kama tunavyofanya kwenye isimu kwa sentensi mbovu. Jioni wakiwa jikoni, bibi anamwelezea jirani habari za kitoweo cha mgonjwa wa nyumba ya juu, ile sentensi ya tatu ikamtoka yenyewe, nzima, bila kuulizwa na mtu. Simu ya kurekodia ilikuwa chumbani kwenye chaji. Mpwa akachukua daftari akaandika maneno aliyoyasikia, tarehe, saa kumi na mbili na robo jioni, nani alikuwepo, habari ilikuwa ya nini, na ile nyota akaizungushia duara na alama ya kuuliza. Kesho yake baada ya chai akamwomba bibi ruhusa rekoda iwe inakaa jikoni kutwa nzima.